Uniti za Maharage

Nyumba yetu ya Tandika ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, na aliyewahi kupanga nyumba ya namna hiyo anajua vita vyake. Taa na simu, ruksa. Pasi, kwa kuomba. Jiko la umeme, funga virago. Hiyo ndiyo sheria ya Bi Mwajabu, mwenye nyumba, na mimi mtu mzima nimepiga pasi kwa kujificha miaka minne.

Yustina wa chumba cha nne, mwalimu wa darasa la kwanza, hakujificha. Kapika kwa mkaa miaka kumi, macho yanamtiririka kila alfajiri, kisha juzi kanunua presha kuka ya umeme na kuipitisha mlango wa mbele mchana kweupe. Bi Mwajabu akamwambia achague, jiko au chumba, mwisho Jumapili. Shule anayofundisha iko ng'ambo ya barabara. Kuhama kungemrudisha kwenye foleni za asubuhi, na alilia, nilimsikia.

Nilidhani atalirudisha dukani. Kumbe Jumamosi asubuhi alimwendea Bi Mwajabu, akamwamkia kwa adabu zote, akaomba jiko lipimwe. Likila umeme kama inavyosemwa, atahama mwenyewe siku hiyo hiyo.

Basi nyumba nzima ikachomoa kila kitu. Hata friji la Bi Mwajabu, kuukuu, mpira wa mlango umechanika, lilizimwa, ingawa alilalamika kuhusu samaki wake. Rimoti ya mita, ile inayoonyesha uniti zilizobaki, ilisoma 21.7. Yustina akatia kilo nzima ya maharage makavu, akabonyeza, nasi tukakaa koridoni roho juu kama siku ya Simba na Yanga.

Dakika hamsini baadaye jiko lilipiga mlio. Shamimu wa chumba cha pili akasoma rimoti: 21.3. Nilirukaruka, sioni aibu kusema. Maharage yameiva yanapondeka, na hata nusu uniti haijafika! Yustina akatueleza, kwa sauti ile ya darasani, kwamba mvuke ukibanwa ndani joto linapanda kuliko maji ya kawaida yanayochemka, na sufuria likishapata joto jiko linajizima lenyewe, linawaka tena kidogo kidogo tu.

Bi Mwajabu hakucheka. Alisema uniti za Jumatatu hazifiki Alhamisi, kwa hiyo mlaji yumo humu ndani. Na hilo lilikuwa kweli.

"Basi tumtafute, mama," Yustina akasema.

Wakachomeka friji peke yake. Tulikula maharage, tukapiga soga, hakuna aliyegusa swichi. Saa nane mchana rimoti ilisoma 20.4. Friji lilikuwa limekula zaidi ya mara mbili ya jiko, na lenyewe halipumziki usiku wala mchana.

Bi Mwajabu alisoma namba, akaisoma tena. Akaenda kulichomoa friji kwa mkono wake mwenyewe.

"Miaka yote nawasema nyie," akasema taratibu. Kisha akamgeukia Yustina. "Mwalimu, litoe hilo jiko chumbani kwako."

Yustina akashika mlango.

"Liweke hapa koridoni," Bi Mwajabu akamalizia. "Na mie nina maharage yangu."