Maji ya nano ya Swaumu, na vijana wasiotaka kuyanywa

Saa moja asubuhi Swaumu Yassin anafungua koki, anajaza kikombe, anakunywa mwenyewe. Wanafunzi wanapita mbele ya kibanda chake hapa Mbuchi, wilayani Kibiti, na madumu yao, wanaelekea kisimani. Wengine wanahamia kabisa upande wa pili wa njia.

Swaumu, miaka 26, anasimamia chujio la maji la nanoteknolojia lililoletwa na mradi mmoja mwezi wa tano. Ndani yake kuna mchanga wenye chembe ndogo mno, jicho halizioni, zinazonasa vijidudu vya kuharisha.

Wiki ya kwanza alijaza madumu arobaini kwa siku. Kisha kwenye simu za vijana ikazagaa video inayosema nano ni vimashine vinavyoingia kwenye damu na kufuatilia mtu kila anakokwenda. Sasa akijaza manne, siku imekwenda vizuri.

“Mwezi jana Sufiani wa bodaboda kaniuliza, ‘Dada Swaumu, nikinywa si nitaonekana kwenye ramani mpaka nikienda kwa mchumba?’ Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Walipoondoka, hakuna aliyejaza dumu mpaka adhuhuri.”

Hata shoga yake Zuena, waliyekuwa wakisukana nywele hapo kibandani, siku hizi anamsalimia kwa mbali.

Mradi umempa mpaka mwisho wa mwezi. Watu wasiporudi, chujio linahamia Ruaruke na kazi yake imekwisha.

Kinachomuuma zaidi ni swali la Mwanahalima, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Huyo hakucheka. Alitaka kujua tu, kama chembe hazionekani, dada anajuaje kwamba zimebaki kwenye mchanga, hazikutoka na maji?

“Mimi niliishia kidato cha pili. Nikamwambia wewe kunywa tu, mdogo wangu. Akaondoka na dumu tupu.”

Jioni ile Swaumu alimfuata Muhidini, mwalimu wa fizikia. Akaelezwa kwamba chembe zimechomwa pamoja na mchanga zikaganda, na maji yanayotoka hupimwa maabara. Akaandika yote kwenye daftari. Jumatatu ataingia darasani kwa kina Mwanahalima, mchanga mkononi, aeleze mwenyewe.

Anaogopa? Anazungusha kikombe kitupu.

“Sana. Watanicheka darasa zima. Sawa, wacheke. Hapa nakaa mchana kutwa, hata wa kunicheka simpati.”