Paja la Kulungu la Mzee wa Lidcombe

Kila Jumanne asubuhi nilikwenda Lidcombe kumhudumia mzee Mskoti aliyehamia Sydney ujanani. Nilimwogesha, nikampa dawa, nikamwandalia chai, naye akanisimulia milima ya kwao. Baba yake alikuwa akitunza wanyama wa porini kwenye ardhi ya tajiri mmoja. Majani yakianza kugeuka rangi waliwinda kulungu madume. Baridi ikizidi, majike. Nyama hiyo ndiyo iliyowavusha hadi theluji iyeyuke.

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, jirani yake mwindaji alimletea paja la kulungu. Mzee akaagiza likatwe vipande viwili, chake na changu.

Nilipokea kwa mikono miwili. Lakini mimi nimelelewa Kenya, na mama alitufundisha kwamba nyama ya porini ni ya majangili. Nilipofika stesheni niliitumbukiza kwenye pipa la taka, nikapanda treni ya kurudi nyumbani Blacktown.

Jumanne iliyofuata aliniuliza hata kabla sijavua koti. Nikamwambia niliipika kwa nyanya na vitunguu, na kwamba ilikuwa tamu, watoto walilamba sahani. Akafumba macho, akataka kujua harufu yake ilikuwaje. Nikaendelea kutunga.

Kisha akaniambia nifungue friza. Kipande chake kilikuwa humo, hakijaguswa.

"Chukua na hiki," akasema. "Meno yangu hayaiwezi tena. Nilitaka tu kusikia kuna mtu ameifurahia."

Nikasema nitampikia palepale, niikatekate ndogo mpaka ilainike. Nikawasha jiko, nikamuuliza niweke maji kiasi gani na ichemke kwa muda gani.

Akanigeukia. "Ile nyingine uliipikaje?"

"Sikuipika," nikasema. "Niliitupa."

Hakunigombeza. Alinielekeza kabati lenye shayiri, akasema maji yafunike nyama tu. Nilisimama jikoni kwa muda wa karibu saa mbili nikikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa, ili nisikae naye.

Alikula vijiko vinne, nami nikala bakuli zima. Ilikuwa laini, yenye ladha ambayo sikuitarajia. Sikuweza kumwambia ni tamu, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimeshalitumia. Akaniuliza kama nahitaji chumvi. Nikatikisa kichwa kukataa, bila kumtazama.