Kompyuta Mbili za Jina Moja

Iko siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka sana, mwanangu. Nilikuwa nimekaa mbele ya laptop yangu pale mtaani kwetu Makanyagio, sijui kama mbovu ni mashine au ni akili yangu. Nilikuwa msichana, ndiyo naanza kazi ya kupiga na kuunganisha video za sherehe. Laptop ile alinitumia kaka yangu kutoka Mwanza, nami niliitunza kama mboni ya jicho.

Jumamosi nilikuwa nimepiga video ya harusi ya Nyamizi, binti wa Kisukuma ambaye kwao wanalima kijijini Sibwesa. Bibi yake aliyemlea hakuweza kuja mjini. Miguu ilikuwa imemvimba, na Jumanne alikuwa anapelekwa Mbeya kufanyiwa upasuaji. Baba yake Nyamizi aliniambia taratibu, "Binti, mama yangu hana uhakika kama atarudi. Tunaomba amwone mjukuu wake kwenye video kabla hajaondoka." Nikamwahidi kuifikisha Jumatatu asubuhi. Ahadi ni deni, hilo hata nyie mnalijua.

Jumapili nikakaa kuiunganisha video, na laptop ilianza vizuri mpaka nikajisifu moyoni. Kumbe mbio za sakafuni huishia ukingoni. Feni ikaanza kulia, chini pakawa pa moto hata nikashindwa kuipakata, na kazi ikawa inatambaa. Nikaihamishia kitandani juu ya blanketi, ikazidi. Nikafunga dirisha nikidhani shida ni vumbi, ikazidi tena. Kwa joto lile mimi nilidhani inafanya kazi kweli kweli, kama mtu anayetoka jasho shambani. Sasa mbona haisogei?

Mficha uchi hazai. Nikabeba laptop, nikapanda bodaboda hadi mtaa wa Kashaulili kwa Mwalimu Restituta, aliyekuwa anafundisha kompyuta sekondari na alikuwa na kiduka chake cha kuchapa. Nikamkuta ametoka misani, nikamsimulia yote, hata habari ya blanketi. Akanifungulia desktop yake, tukaihamishia humo kazi ileile, ikaanza kwenda bila kusuasua. Nikaligusa boksi lake: vuguvugu tu. Nikatazama stika ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta: jina lilelile la kwangu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

"Mwalimu, hii yangu ni feki," nikasema. "Kaka amedanganywa. Ngoja nimpigie."

"Weka simu chini," akanijibu, wala hakupandisha sauti. "Mtu amekupa kitu kwa moyo, na wewe unataka kumlaumu kabla hujauliza. Jina ni moja, lakini ya kwako imetengenezwa ikae mahali pembamba na itumie umeme kidogo. Kazi ikiwa nzito joto linakosa pa kutokea, basi inapunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Na wewe umeilaza kwenye blanketi, umeiziba pua. Hii ya mezani inakula umeme mwingi wa ukutani, ina nafasi na feni kubwa, joto linatoka."

"Kwa hiyo yenye joto zaidi siyo yenye nguvu zaidi?"

"Si lazima. Na usiondoke hapa ukisema desktop inashinda siku zote. Iko laptop mpya itakayoipita hii yangu ya zamani."

Nikaitikia ndiyo, mwanangu, lakini kichwani palikuwa na ukungu.

Video ilikamilika jioni ileile. Nikaomba kuazima desktop niipeleke Sibwesa. Mwalimu akauliza tu, "Kwa huyo bibi kuna umeme?" Hakukuwa na umeme. Akaninakilishia video kwenye laptop na kunichajia betri.

Kesho yake nikaenda na pikapu ya wakwe zake Nyamizi. Bibi alikuwa ameegemea ukuta kwenye mkeka. Nikamwekea laptop juu ya kigoda, na video ikaenda mwanzo mpaka mwisho, feni kimya. Mimi nikawa napapasa chini yake, siamini. Jana imenishinda, leo imekuwaje? Baadaye niliambiwa kwamba kuonyesha video iliyokwisha kuunganishwa ni kazi nyepesi. Bibi hakuwa na habari na mashine. Alisema neno kwa Kisukuma, na mwanawe akanitafsiria: "Anaomba urudishe pale mtoto wake Nyamizi anapocheka."

Nikarudisha. Nikarudisha tena.

Yule bibi alipona, akarudi Sibwesa, akaja kumpakata kitukuu, mtoto wa Nyamizi.

Sasa nyie kutwa mnalinganisha simu na simu, laptop na desktop, wala hamkomi hapo, mnalinganisha hata watoto wa mama mmoja. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kabla hujasema hiki kina nguvu na kile ni kibovu, uliza kimewekwa wapi, kinalishwa nini, kinafanya kazi gani. Kikipata moto, kipe hewa. Na aliyekupa usimlaumu kabla hujauliza, kwa maana kuuliza si ujinga. Mimi mwenyewe mambo ya prosesa sijayaelewa yote mpaka leo, na sioni aibu kusema.

Mungu akujalie kazi ya mikono yako, mwanangu, akuwekee karibu watu wa kukutuliza ukichanganyikiwa, na kila utakayemwahidi jambo akukute umelitimiza.