Mabuti Niliyoyaonea Haya

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu nashusha pumzi. Ni siku ambayo baba yangu alikuja kututembelea Kiminini, akainama mlangoni petu, akaokota kiatu changu cha kulia na kuitazama soli yake kama mtu anayesoma barua.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, usije ukaniacha njiani.

Mimi kazi yangu ni kutega fuko. Nimeifanya tangu ujana na bado naifanya, ingawa siku hizi naenda polepole. Fuko humjui? Ni yule mnyama anayeishi chini ya udongo, anakula viazi kwa chini huku wewe unayafurahia majani kwa juu. Mwenye shamba akiamka na kuona vilima vidogo vya udongo mbichi, ananiita. Nachimba nipate njia yake, naweka kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye ufito uliopindwa, naweka chambo cha viazi vitamu, naenda zangu shamba lingine. Si kazi ya nguvu. Ni kazi ya miguu. Kutoka Kiminini mpaka mji wa Kwanza nimekanyaga mashamba ambayo siwezi kuyahesabu, na mahali fuko anapoishi ardhi ni tupu kwa ndani. Unaweka mguu, inadidimia.

Sasa baba yangu. Yeye alikuwa mtu wa Bungoma, upande wa mashamba ya miwa, na kabla sijaanza shule mkokoteni wa ng'ombe ulimpita juu ya mguu. Kifundo kikavunjika, kikaungana vibaya. Tangu siku hiyo alitembea akichechemea, na alivaa mabuti marefu yaliyofungwa kamba mpaka juu ya kifundo, kiangazi na masika, shambani na kanisani. Usiku yalikaa kando ya kitanda chake, yamepakwa mafuta. Watoto wa kijijini walimwita Mabuti. Walikuwa wakisikia hatua zake barabarani, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, wanaanza kumwigiza.

Na mimi nilimwonea haya. Nakwambia ukweli kwa sababu umri huu sina cha kuficha. Siku moja ya wazazi shuleni, nikiwa darasa la saba, alikuja na mabuti yake, akapita katikati ya uwanja watu wote wakimtazama. Rafiki yangu akaniuliza, "Yule ni nani?" Nikasema, "Ni mtu anatufanyia kazi nyumbani."

Nilisema hivyo. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini hakugeuka, nikajiambia hakusikia.

Basi, nikakua, nikaoa, nikahamia Kiminini na mke wangu Nafula. Siku moja nikiruka mtaro katika shamba la karoti, mguu wa kulia ukageuka ndani. Nikasikia kitu kinalia kwenye kifundo, tap! Kikavimba kama mkate. Nilikaa nyumbani siku tatu, nikapaka dawa ya kuchua, nikarudi kazini. Baada ya wiki mbili ukageuka tena. Halafu tena. Ikafika mahali hata kushuka kibarazani nilikuwa nautazama mguu kwanza.

Mtu mwenye akili angeenda hospitali. Mtu mwenye akili nusu angetafuta angalau kiatu kirefu. Mimi nilijua kabisa kwamba kiatu kirefu kingenisaidia. Nilikuwa nimekulia karibu na mtu aliyetembea miaka yote hiyo juu ya mfupa uliopinda kwa sababu ya kiatu kirefu! Lakini nilipojiona akilini nikipita sokoni na mabuti, nikichechemea, nilimwona baba. Nikaenda nikanunua raba za chini, nyepesi, nyeupe, za vijana. Nikawa najikaza nisichechemee mbele ya watu. Nafula akiniuliza, namfokea.

Mwanangu, nilikuwa tayari kuumia kuliko kufanana na mzazi wangu. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulione, maana kiatu ni kipande kidogo tu cha habari hii.

Ndiyo tumefika sasa ile Jumamosi. Baba alikuja na kuku mmoja na ndizi, tukamkaribisha. Kabla hajaingia ndani ndipo alipokiokota kile kiatu. Akakigeuza. Akachukua na cha kushoto, akaviweka soli juu, kimoja kando ya kingine. Cha kushoto kilikuwa kimelika sawasawa. Cha kulia kilikuwa kimekwisha upande mmoja mpaka kitambaa kinaonekana.

"Simiyu," akasema, "huu mguu uliumia lini?"

"Mguu gani, baba? Ni udongo wa huku tu. Unamaliza viatu vibaya sana."

"Udongo wa huku unamaliza kiatu kimoja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nafula alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mbali kidogo, jinsi heshima ya mkwe inavyotaka. Akasema akiangalia chini, "Baba, mimi nimeona siku nyingi. Sina ruhusa ya kuuliza."

Baba akarudisha viatu mahali pake. "Haya, vaa. Twende unionyeshe mitego."

Twende wapi tena? Lakini ni mzazi, huwezi kukataa. Tulikwenda mpaka shamba la viazi la jirani, yeye mbele na mabuti yake, mimi nyuma nikijikaza, nikitembea kama askari. Tukafika kwenye matuta. Nikainua mguu kuvuka tuta la tatu, nikakanyaga njia ya fuko. Ardhi ikaingia, kifundo kikageuka, nikaanguka kifudifudi juu ya viazi vya watu. Safari hii sikuweza kujikaza. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu.

Baba alipiga magoti, akanivua kile kiatu taratibu, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili. Nilidhani atanipa pole. Akasema:

"Unajua kila shimo la fuko katika shamba hili. Mguu wako mwenyewe huujui. Ni kwa nini?"

Nikafuta udongo usoni.

"Mimi niliumizwa na mkokoteni. Wewe unaumizwa na macho ya watu. Sasa hao watu wako wapi? Waite waje wakubebe."

Nikatazama huku na huku. Kulikuwa na ng'ombe wawili tu wakila majani pembeni. Yule mzee mwenye mguu mbovu ndiye aliyenipa bega lake, tukarudi nyumbani, wote wawili tukichechemea, yeye akiwa imara kuliko mimi.

Jumatatu alinipeleka hospitali Kitale. Nilipigwa picha ya mguu, tukaambiwa tungoje kwenye benchi. Nikwambie, pale ndipo nilipoogopa kweli. Niliuona mguu wa baba kando ya wangu na nikajua wangu umekwisha kuwa hivyo hivyo, umepinda na kukomaa, na kazi yangu imekwisha, na Nafula alikuwa na mimba ya kwanza. Daktari, mama mmoja wa makamo, akatuita.

"Mfupa mzima," akasema. "Hakuna mahali umevunjika."

Baba akauliza, "Ati mzima?"

"Mzima, mzee. Shida ni kano za upande wa nje. Zimelegea sana kwa sababu ya kuteguka mara nyingi. Hazitarudi kama za zamani, lakini akitii atatembea vizuri."

Baba alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, akaishikilia pale machoni kwa muda. Sijawahi kumwona hivyo, kabla wala baada. Mimi nilihisi kama gunia la mahindi limeondolewa mgongoni. Daktari akanifunga bendeji, akanipa wiki sita za kupumzika, akanifundisha mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja nikishika ukuta. Akazitazama raba zangu. "Na hivi, hapana. Tafuta kiatu kinachoshika kifundo."

Wiki sita zilipokwisha baba alitoka Bungoma tena, tukaenda soko la mitumba la Kitale. Nilitaka twende asubuhi, akakataa. "Mguu ulioumia huvimba jioni," akasema. "Ukinunua kiatu asubuhi, jioni kitakubana." Tukaenda alasiri. Nilikuwa nimevaa soksi nzito za kazini na bendeji yangu, kwa sababu alisema kiatu kijaribiwe na kila kitu kitakachoingia ndani yake.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu, watu wake walitoka Mkoa wa Kati wakahamia Trans-Nzoia zamani. "Karibu mzee, karibu kastoma! Chagua, leo ni mali mpya."

Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye buti moja la kahawia linalong'aa. Jembamba, zuri kama la mtu wa ofisini. Baba akalichukua, akalikunja. Likakunjika katikati kama chapati. Akabonyeza nyuma, pale kisigino kinapokaa, pakaingia ndani.

"Hili litakubeba mpaka kanisani," akasema. "Shambani utalibeba wewe."

"Wacha nijaribu tu, baba."

"Jaribu."

Nikavaa. Akanituma nishuke ule mteremko mdogo nyuma ya vibanda. Hatua ya nne, kifundo kikayumba, vidole vikagonga mbele. Nikarudi, nikalivua.

Yule dada alikuwa akitutazama. Akaingiza mkono chini kabisa ya rundo. "Nyinyi mnataka kitu ya kazi, bana. Si mngesema. Hizi ni za kuwinda. Huko ng'ambo watu wakienda msituni kutafuta wanyama, ndiyo wanavaa."

Baba akacheka, kicheko chake kikubwa. "Basi tumefika! Huyu ni mwindaji. Anawinda fuko."

Yalikuwa mabuti mabaya kwa sura. Rangi ya matope, kamba moja nyeusi nyingine kijani. Lakini baba aliyashika kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Nyuma pagumu, hapaingii. Soli ina meno, inakunjika kwenye vidole tu, katikati haikubali. Shingo ndefu, imepita kifundo, ndani ina pamba ya kutosha. Akayapima mkononi: si mazito sana, maana mguu uliochoka ukiburuta kiatu kizito hujikwaa. Nikavaa yote mawili, si moja. Vidole vikawa huru, kisigino kikatulia.

Nikaketi kufunga kamba. Na sijui ni nini kilichonishika, pale katikati ya soko na kelele zote zile, nikasema, "Baba. Siku ile ya wazazi shuleni. Nilimwambia mtu kwamba wewe ni..."

"Nilisikia," akasema.

Nikainua uso.

"Nilisikia siku ile ile. Ulikuwa mtoto. Funga kamba, vuta kisigino nyuma kwanza, halafu kaza pale juu."

Nilifunga nikiwa siyaoni matundu vizuri. Nikasimama. Nikashuka mteremko, nikapanda, nikashuka tena. Mwanangu, kwa muda mrefu nilikuwa nikiuomba mguu ruhusa kabla ya kuuweka chini. Siku hiyo niliuweka tu. Nilitembea mpaka mwisho wa vibanda nikageuka, nikamwona baba amesimama kando ya yule dada, ananitazama, na nikaenda kwake nikicheka kama mwehu. Nilikuwa nachechemea, ndiyo. Watu walitazama. Wakaendelea na shughuli zao.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa wakati wa palizi, na mimi nilikuwa nimerudi kazini, mitego yangu imejaa mashambani.

Sasa nisikilize, wewe uliyeumia kifundo mpirani au shambani na unajifanya hakuna kitu. Usijitibu kwa kunyamaza. Nenda upigwe picha, ujue kama ni mfupa au ni kano, kwa sababu hofu ya kutojua ilinitesa kuliko maumivu yenyewe. Fanya mazoezi utakayopewa hata siku unayojisikia mzima. Kisha tafuta kiatu kwa mguu ulio nao leo, si ule uliokuwa nao mwaka jana. Nenda alasiri, na soksi zako. Bonyeza kisigino, kunja soli, vaa vyote viwili, tafuta mteremko ushuke. Muuzaji akikuharakisha, mwambie asante uondoke. Ukishakipata, kivae nyumbani siku kadhaa kabla ya kukipeleka mbali. Na ujue kwamba buti haliponyi. Linashika tu. Mimi bado hutazama ninapokanyaga, na kukiwa na mvua kubwa nabaki nyumbani.

Na lingine, ambalo ndilo kubwa. Ukijikuta unakataa kinachokufaa kwa sababu kitakufananisha na mzee wenu, au na mtu mlemavu wa jirani, kaa chini ujiulize unamwonea haya nani, na amekukosea nini. Kama yu hai, mwendee umwambie. Yawezekana anajua, na amekungoja.

Mungu akulindie mifupa yako na akutie nguvu pale ilipolegea. Akupe watu wa kukupa bega kabla hujaita, na wewe akupe bega la kuwapa wengine. Utoke salama, ufike salama, na mlangoni pako wakuone unakuja wafurahi.