Samaki Tisa Chini ya Barafu

Mwaka wangu wa pili Minnesota, katika miaka ya tisini, nilifanya kazi ya kumtunza mzee mmoja nyumbani kwake Plymouth. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na kitanda chake tulikisogeza dirishani ili aone bustani. Katikati ya bustani palikuwa na bwawa dogo lenye samaki tisa wa rangi. Yeye na marehemu mkewe waliwaleta wakiwa na urefu wa kidole. Sasa kila mmoja alikuwa na urefu wa mkono hadi kiwiko.

Nilimwita Mzee. Alipouliza maana yake nikamweleza, akasema afadhali hilo kuliko majina anayoitwa hospitalini.

Kama hujaishi kwenye baridi ya kule, nikueleze taratibu, maana hata mimi nilieleweshwa. Bwawa huganda juu tu. Chini maji hubaki na uvuguvugu kidogo, na samaki hukaa huko wametulia kama waliolala. Hawali, na hawahitaji hewa nyingi. Lakini majani yaliyoanguka tangu vuli yanaoza chini yao, na uozo huo unatoa gesi yenye sumu. Ndiyo maana barafu haiachwi ifunge bwawa lote. Panabakizwa tundu, hata la ukubwa wa sinia, gesi ipate pa kutokea. Tundu letu lilitunzwa na kifaa cha umeme cha kutoa joto kilichoelea juu ya maji. Kila asubuhi, kabla hata ya kuomba dawa zake, Mzee aliuliza, "Tundu liko wazi?"

Januari hiyo nilipumzika Jumamosi na Jumapili. Aliyenishikia zamu nilimwachia maagizo ya vidonge, chakula na kugeuzwa kitandani. Bwawa sikulitaja. Nilisahau, basi, sina namna nyingine ya kulisema.

Jumatatu nilikuta theluji imetanda sawasawa bustani nzima. Nikafagia kwa mikono pale nilipodhani ndipo. Kifaa kilikuwa kimeshikwa ndani ya barafu, kimeungua. Tundu halikuwepo. Limezibwa tangu lini? Jana? Juzi? Yule wa zamu alikuwa ameshaondoka. Ndani, Mzee alikuwa ameamka. Kwa bahati mapazia hayakuwa yamefunguliwa.

Nikampigia simu dada yangu, aliyekuwa akiishi Eagan na kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nikanong'ona jikoni.

"Samaki wa kutazama tu?" akasema. "Hata kukaanga hawakaangwi?"

"Dada, nitakufa. Nimwambieje?"

"Usimwambie! Wee, umesahau ulikotoka? Mgonjwa wa moyo unampelekea habari ya msiba kitandani? Atapanda presha akufie mikononi. Mwambie wazima, mpe chai."

Nilimwelewa kabisa, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nyanya yangu alipokuwa mgonjwa, kaka yake alifariki na kuzikwa, na sisi tukawa tunampelekea salamu zake kila wiki mpaka alipopata nguvu. Hatukuona kwamba tunadanganya. Tuliona tunamsaidia kubeba mzigo.

Nikaingia na chai.

"Tundu liko wazi?"

"Liko wazi, Mzee."

"Umewaona?"

Hapo ningenyamaza. Lakini nilitaka afurahi, nikaongeza chumvi. "Nimewaona wote tisa. Wanaogelea vizuri tu."

Kikombe kikasimama njiani. "Wanaogelea? Chini au juu?"

"Juu juu kabisa," nikasema nikitabasamu. "Wanafunguafungua vinywa."

Akaweka kikombe, kikapinduka. Akaanza kulitupa blanketi, akajaribu kushusha ile miguu yake iliyovimba. "Basi wanakufa," akasema. "Hawapandi Januari. Wakipanda, hewa imekwisha. Nipe viatu. Nipe viatu, nimesema!"

Nikamshika mabega. Katika uongo wote ambao ningeweza kuchagua, nilikuwa nimechagua ule uliompa habari mbaya kuliko zote.

"Mzee, sijawaona. Sijamwona hata mmoja. Tundu limeziba na sijui tangu lini. Niliogopa kukwambia."

Akaacha kuhangaika na miguu, akaegemea mto.

"Kwa nini ufanye hivyo?"

"Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya."

"Na samaki wa mgonjwa?" akauliza. "Wao wamsubiri apone? Chemsha maji. Sufuria kubwa zote. Na usiguse nyundo."

Nyundo nilikuwa nimeshaiwazia. Akanieleza, sauti ikikatika: kishindo juu ya barafu huwafikia samaki kama kofi la masikio, kinaweza kuwaua. Unaweka sufuria ya maji yanayochemka juu ya barafu, unangoja ijichimbie yenyewe. Maji hayamwagwi, ni joto la kitako cha sufuria linalofanya kazi.

Nilichemsha na kubeba, nikachemsha na kubeba. Ute wa puani uliganda. Sufuria ilizama unene wa kidole, ikapoa, ikashikwa. Nikaleta nyingine kuikomboa. Glavu ziliganda kwenye chuma. Nililia, na machozi yakawa kero nyingine ya kufuta. Kila nilipoinua macho, uso wake ulikuwa dirishani; mapazia alikuwa ameyavuta mwenyewe.

Karibu na adhuhuri barafu ikatoboka. Harufu ya mayai yaliyooza ikanipiga usoni. Kisha, polepole, akaja mweupe mmoja, tumbo juu.

Nilimpeleka ndani kwenye beseni. Mzee akamgusa kwa kidole kimoja. "Na wengine?"

"Sijui."

"Vema," akasema. "Sema hivyo hivyo."

Akanituma kwenye chumba cha chini ya nyumba kuleta pampu ndogo ya hewa, akasisitiza mpira wake uning'inie karibu na juu, usifike chini, nisije nikavuruga ule uvuguvugu uliobaki. Tangu siku ile, pampu na sufuria mbili asubuhi na jioni. Kila siku akauliza, nikajibu: tundu liko wazi, sijaona kitu. Februari yote. Machi karibu yote. Alidhoofika, na kuna asubuhi niliona jibu langu linamkata kama kisu, nikatamani sana kumpa lile la dada yangu. Sikumpa. Kama na wewe unamtunza mtu, najua ulivyo mgumu ukimya unaofuata jibu la namna hiyo. Kaa naye tu. Usiujaze.

Aprili ilipoanza, barafu ikaondoka kwa siku mbili. Nikapiga magoti ukingoni, nikahesabu mara tatu, nikaingia na viatu vya matope.

"Wanne wengine wamekufa, Mzee. Wanne wapo. Wako chini, wanatikisa mapezi."

"Nitajie waliokufa kwanza."

Nikawataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alifumba macho. Akaomba niwazike chini ya kichaka alichopanda mkewe. Nikawatia kwenye ndoo, nikachukua koleo, nikapiga mara nne, tano. Chini ya matope ardhi ilikuwa bado imeganda, koleo lilidunda. Nikaiweka ndoo gereji, nikarudi kumwambia kwamba leo haiwezekani.