Sponji Iliyoleta Besi

Nilitaka tu kujua kwa nini kaske yangu ya kusikilizia muziki masikioni haina besi. Nikaifungua, nikaweka sponji ya kuoshea vyombo: gita likasikika kama linapigwa mbali kule Kinsevere. Nikajaribu kipande cha godoro: mwimbaji akawa ndani ya pipa. Ndipo nikaona sidiria kuukuu kwenye kamba ya nguo. Ya nani tena kama si ya mke wangu? Nikakata vikombe vyake vya sponji, na besi ikaja yenyewe.

Mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu kutoka Ruashi, akataka kusikia. Kwa heshima hata mkono simpi, basi nikaiweka kwenye kiti, akaichukua mwenyewe. Akasikiliza, akapapasa sponji polepole.

"Muziki iko muzuri, mukwe wangu," akasema. "Lakini hii sponji, ni miye nilianikaka asubui."