Mgeni Aliyetuletea Chaji

Kosa nalitaja mapema ili msomaji asipoteze muda kulitafuta: tulimwacha mgeni amesimama huku sisi tunakula. Hilo tu. Likisomwa hivyo laonekana dogo, utovu wa adabu ambao mama mzazi huumaliza kwa kukukata jicho. Lakini kwa kosa hilo mtoto wa mdogo wangu nusura atutoke mikononi. Haya si maneno niliyoletewa na mtu. Nilikuwepo, nimeketi, nimeshika tonge. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimelelewa bara katika nyumba ya Kikristo, na nimesoma kiasi cha kujua kwamba hofu humzulia mtu macho asiyokuwa nayo. Maswali yote unayotaka kuniuliza nimekwisha kujiuliza mwenyewe. Nimebaki na nilichokiona.

Tulikwenda Kimbiji kulala usiku mmoja kwenye mahema, katika kiwanja cha rafiki wa shemeji yangu Deo, karibu na bahari. Deo ni mume wa mdogo wangu Stella. Ni mhasibu, mtu mpole, mwenye kupenda watu wake, sitaki umchukie. Wazo la safari lilikuwa la Stella. Alitaka, kwa maneno yake, kuuona uso wa mumewe bila mwanga wa simu chini ya kidevu. Deo alikubali, kisha akaanza kufungasha: sola ya kukunja, pawabenki mbili, betri ya gari, inveta, nyaya za kila namna na kisanduku cha waifai. Chakula tulibeba sisi wanawake. Yeye alibeba umeme.

"Shemeji," nilimwuliza, "tunahama au tunakwenda kupumzika?"

"Shemeji, wewe mwalimu, chaki yako haiishi chaji. Mie bosi akinikosa hewani, Jumatatu nakuja kwako kuomba kazi ya kukufulia."

"Bosi wako yuko Morogoro anaoza binti," Stella akadakia. "Anakutafuta akuulize pilau imeiva?"

Pamoja nasi alikuwepo binti yao, Pendo, aliyekuwa ndio kwanza ameanza darasa la kwanza, na rafiki wa Stella, mwenye saluni mbili kule Kipawa. Huyo rafiki alikuwa na kope za kubandika, kucha za rangi mbalimbali na kicheko kilichomtangulia popote aendapo. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo dada," akanitajia na jina lake. Nikaitikia marahaba, jina likapita. Moyoni nikamwita msusi, na sikuona sababu ya kujua zaidi.

Gari tuliliacha kijijini kwa sababu njia ya mchanga haikupitika, tukabeba mizigo kwa miguu. Mawingu yalitanda tangu tulipofika. Sola ya Deo ilitandazwa juu ya hema siku nzima kama mkeka unaosubiri wageni, isipate kitu. Inveta ilipiga kelele, ikanuka, ikanyamaza. Mtandao ulipatikana chini ya mkorosho mmoja tu, tena kwa kubahatisha, basi Deo akaitia simu kwenye kikapu cha nyanya na kukivuta kwa kamba hadi kwenye matawi. Kila baada ya muda alikishusha, akatazama, akakipandisha tena.

"Shemeji Deo," msusi akamwambia, "unavua samaki au unavua netiweki?"

"Imeshika, imeshika! Aa. Imeachia."

Tulicheka. Lakini mimi nilimtazama vizuri, maana kutazama watu ndiyo kazi yangu, nikaona jambo lisilochekesha. Hakuogopa kwamba bosi angempigia na kumkosa. Aliogopa kwamba hakuna ambaye angempigia. Aliogopa kugundua kuwa siku inaweza kupita, dunia ikazunguka, na jina lake lisitajwe na yeyote.

Magharibi ilipoingia, vifaa vyote vilikuwa vimezima. Simu zetu zilibaki na chaji kidogo mno. Deo alizunguka mahema bila kutulia, akishika hiki na kuacha kile, na hali hiyo ikatuambukiza. Nami nikajikuta natoa simu mfukoni, naitazama, nairudisha, bila kujua nilichokuwa nakitafuta. Msusi alikuwa amekaanga changu na kusonga ugali, kisha akashuka majini kusuuza sufuria. Hatukumngoja. Tulikwisha kunawa, tukaanza kula.

Ndipo tulipomwona mtu pembeni ya mwanga wa jiko.

Hakupiga hodi. Alisimama tu, mrefu, amevaa buti na kizibao cha reflekta kama wavaavyo bodaboda na mafundi wa barabarani. Mkononi alishika ekstensheni yenye matundu mengi, na waya wake ulirudi nyuma yake hadi vichakani.

"Habari za hapa," alisema. "Chaji mnayo?"

Sasa nikuulize, wewe unayesoma: mtu akikukuta unakula, unamwambia nini? Mtoto mdogo analijua jibu. Maskini asiye na kitu ila mboga za majani analijua. Husemi hata kwa kufikiri, mdomo husema wenyewe. Na sisi watu wazima watatu, kati yetu mmoja mwalimu, hatukusema. Deo aliruka akiwa na mkono wa ugali.

"Kaka! Umetumwa na Mungu! Wewe fundi wa mnara?"

"Hapo tu," mtu yule akajibu, ingawa hilo halikuwa jibu.

Deo aliipokea ekstensheni. Sema aliinyakua. Hakuna aliyeuliza waya unatoka wapi, katika eneo lisilo na nguzo hata moja ya umeme. Deo akachomeka simu yake na pawabenki zote mbili. Stella akachomeka yake. Na yangu pia; nilimpa Stella aichomeke, nikaendelea kula.

Niamini ninapokuambia kwamba tarakimu zilikimbia kama za pampu ya kituo cha mafuta. Vijiti vya mtandao vikajaa vyote. Simu zikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe, salamu za watu tuliowasahau, picha za harusi ya Morogoro, kila kitu kwa mpigo. Vichwa vitatu vikainama. Mgeni wetu alibaki amesimama.

Pendo alikuwa ameegemea paja langu. "Mama mkubwa," alisema, "nasikia baridi."

Baridi, pwani, katika joto lile! Nikavuta khanga yangu nikamfunika bila kuinua macho. Akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, nami nikamjibu, "Haya mama, lala." Kisha mkono wake ukaangukia ndani ya sahani yangu, ukabaki humo.

Hapo ndipo nilipotazama. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya jivu. Nililigeukia jiko kutafuta joto: mkaa uliokuwa mwekundu muda mfupi tu uliopita ulikuwa mweusi, na mafuta kwenye kikaango yameganda. Nikachukua tochi yangu ndogo ya betri kavu, nikammulika mgeni. Wewe umewahi kukimulika kizibao cha reflekta gizani? Hung'aa hadi kikakuumiza macho. Chake hakikurudisha kitu. Mwanga ulikifikia ukaishia pale pale, kama maji yanavyoishia mchangani.

"Deo, chomoa!" nikapiga kelele. "Chomoa vitu vyako, mtoto anaganda!"

Hakuinua kichwa. Akasema maneno ambayo anayajutia hadi leo. "Subiri kidogo shemeji, imebakia kidogo ifike fulu."

Stella alimnyakua binti yake, akamkumbatia, akaanza kumsugua mgongo na kumwita jina. Mimi nikashika chaja za watu wote na kuzivuta. Hazikutoka. Zilikuwa zimeng'ang'ania kama kitu kilichoota. Nikasali. Sala ninayoijua tangu utotoni niliisema yote kwa sauti, na yule mtu akangoja nimalize, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kwa lugha asiyoifahamu.

"Mmechukua wenyewe," akasema. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Nyuma yangu nikasikia sufuria zikigongana, na ile sauti ya saluni.

"He! Jamani! Nyie watu wa wapi? Mgeni kasimama kama mlingoti wa bendera na nyie mnatafuna?" Msusi alipita katikati yetu, khanga imelowa magotini, hakumtazama Deo wala simu. Akachukua sahani safi, akakata ugali, akaweka changu mkubwa kuliko wote, na kumwelekea yule mtu kwa mikono miwili. "Braza, utusamehe, hawa wamefundishwa na simu. Karibu. Karibu chakula."

Mtu yule alirudi nyuma hatua moja.

"Sili."

"Husikii njaa au unatuona wachafu? Onja hata kidogo, usinivunje moyo. Chumvi imekolea, nimeitia mwenyewe."

"Sili chumvi."

Msusi akashusha sahani. Nilimwona akimpima kutoka kichwani hadi kwenye buti, kama anavyompima mteja anayetaka kuondoka bila kulipa.

"Basi kama chetu huli," alisema taratibu, "na sisi chako hatuli. Chukua waya wako."

Akainama na kuzichomoa chaja zote, moja baada ya nyingine. Zikatoka kirahisi kana kwamba zilikuwa zimewekwa tu juu ya matundu. Mkaa ukawaka kwa mlio, Pendo akavuta pumzi ndefu na kuanza kulia, na katika maisha yangu sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Deo alikuwa amesimama na simu mkononi, imeandika mia. Ilikuwa imefika. Alipoinua uso, mgeni hakuwepo.

Hatukulala. Tulimweka Pendo katikati yetu, tukakoka moto wa kuni hadi kukapambazuka. Asubuhi Deo aliufuata ule waya, nami nikamfuata yeye. Haukwenda mbali. Ulipita nyuma ya kichaka ukazama mchangani, na tulipouvuta ulikataa, kisha ukaachia ghafla. Ncha yake haikuwa na plagi. Nyaya za shaba zilikuwa zimetawanyika na kuwa nyembamba, zimeshika udongo kama mizizi ya mche. Niliugusa. Ulikuwa na uvuguvugu, kama mkono wa mtoto aliyetoka usingizini. Tukauacha hapo hapo.

Kijijini, tulipokuwa tukipakia gari, Deo alimweleza mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Mlimkaribisha?" Deo akainamia mizigo, naye akarudi kugeuza vitumbua vyake.

Ni muda sasa. Simu yangu na ya Stella zilizima siku ile, mafundi wamezifungua na kuzifunga, haziwaki. Ya Deo haijazima. Inasoma mia, ile ile, wala haijawahi kuchomekwa tena. Na Pendo ni mzima, anasoma, anaruka kamba, isipokuwa kiganja chake cha kushoto, kile kilichoangukia sahani yangu, ni cha baridi mwaka mzima. Hospitali walikipima, wakasema hakina kasoro.

Siku moja Pendo aliiokota ile simu mezani kwa mkono huo wa kushoto, akatabasamu. "Baba, ina joto." Stella akamshika kiganja: kilikuwa cha moto kama cha mtoto mwingine yeyote. Alipoiweka simu chini, baridi ikarudi.

Tangu siku hiyo shemeji yangu hana usingizi. Hawezi kuitupa ile simu, maana hajui ni nini kilichomo. Hawezi kuitumia, asije akakimaliza. Ameifunga kwa kitambaa, ameiweka kabatini, na mara kwa mara usiku Stella humsikia akiinuka, akifungua kabati na kutazama kama bado ni mia. Alitaka asikose kupatikana. Sasa yeye ndiye asiyeweza kuondoka.

Nilimwuliza msusi, baadaye sana, alijuaje habari ya chumvi, kwamba viumbe wa aina ile hawaigusi. Nilidhani amerithi siri ya bibi zake wa Lindi. Alinicheka. "Dada, mie najua nini? Niliona mtu kasimama, sie tunakula."

Nimeyafikiri maneno hayo kuliko vitabu vingi. Nawe labda unayasoma haya kwenye simu, na labda kuna mtu amesimama karibu yako akingoja uinue macho. Inua. Mkaribishe. Asiyekula, mruhusu aende zake, lakini usipokee kitu mkononi mwa mtu ambaye hujampa nafasi ya kuketi kwako. Na ukikaa gizani bila chaji, kaa. Giza halijamchukua mtoto wa mtu.

Kuhusu yule mwanamke, aliniambia jina lake siku ya kwanza nami nikaliacha lipite, kama tulivyomwacha yule mwingine asimame. Nilikwenda saluni kwake Kipawa, nikaketi kwenye kiti cha wateja, nikamwomba anitajie tena. Anaitwa Zuhura.